Baiskeli ya kwenda kazi Kisumu: mauntini, haibridi ama Black Mamba ya baba?

KwaGuu_Mamboleo

Hamjambo wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mgeni kwa haya mambo ya baiskeli naomba mnisaidie bila kunificha kitu. Nakaa Mamboleo na kazi yangu iko tauni karibu na soko la Jubilee, kila siku ni matatu ama pikipiki na jioni ikinyesha wanapandisha bei vile wanataka, mwezi ukiisha nikihesabu nauli nasikia uchungu kweli. Nimeamua kununua baiskeli. Kuendesha nilijua nikiwa mdogo, tulikuwa tunapitisha mguu chini ya kile chuma cha katikati cha Black Mamba ya baba, ile baiskeli nzito nyeusi ya zamani, kwa sababu kiti hatukufikia, lakini hiyo ni miaka mingi imepita.

Sasa nimezunguka wiki mbili nimepata tatu. Moja ni mpya, mauntini ya inchi 26, shoku mbele na nyuma, breki za diski mbele na nyuma, imeandikwa 21 spidi, muuzaji anataka 16,500. Ya pili ni mtumba kutoka Uingereza niliiona soko la Kibuye Jumapili, jamaa wa pale anaiita haibridi, magurudumu yake ni makubwa na membamba kiasi, haina shoku hata moja, anasema 11,000 lakini naona atashuka. Ya tatu ndiyo hiyo ya baba yenyewe, alituacha 2019 na tangu siku hiyo imesimama tu kwa stoo Kiboswa, breki zake ni zile za vyuma, zinavutwa na fimbo za chuma badala ya waya, mama anasema nikiitaka niichukue.

Hizi aina zinatofautiana aje hasa? 21 spidi inamaanisha inakimbia kushinda zingine? Na zile namba kwa taya (tairi) ni za nini, kila mtu ananiambia yake. Njia yangu ni lami karibu yote, kama kilomita sita hivi, ila kuingia kwangu kuna maramu na mawe mita kama mia nne. Wikendi zingine nataka nipande mpaka kwa mama Kiboswa, na wenye mnajua hiyo njia mnajua vile inapanda.

Fundi_wa_Spoku

Dadangu karibu sana. Mimi nashika spana hapa Kondele tangu 2006 kwa hivyo wacha nikuambie vile ningemwambia dada yangu wa tumbo moja. Usianze na rangi wala spidi. Anza na gurudumu, juu gurudumu ndilo litakuleta kwa fundi mara nyingi, na kama taya yako haipatikani hapa hiyo baiskeli itakaa nyumbani hata kama ni nzuri namna gani.

Inama usome pembeni ya taya. Utapata namba mbili, moja ya inchi na nyingine ya milimita. Ya inchi inadanganya watu. Ya milimita imeandikwa kama 50-559 ama 37-622, hapo ya kwanza ni unene wa taya na ya pili ni kipenyo cha pale taya inakalia rimu, ile duara ngumu ya gurudumu, na hiyo ya pili ndiyo inasema ukweli. Mauntini ya 26 ni 559. Haibridi (ni kati ya mauntini na resa, ile ya mbio) na resa nyingi ni 622, ndizo zinaitwa 700C, na zile mauntini kubwa za 29 pia ni 622, rimu ni kipimo kilekile ni taya tu imenona. Black Mamba ya baba yako kama ni ile ya 28 kwa moja na nusu hiyo ni 635, haichangii taya na haibridi hata kama ukizisimamisha pamoja unaona ni kama ziko sawa.

Kuna mwalimu mmoja aliniletea baiskeli ya mtumba ya wanawake, imeandikwa 26 x 1 3/8. Alikuwa ameenda sokoni mwenyewe akasema nipe taya ya 26, akapewa 26 x 1.95, akanunua mbili kabisa. Nilivuta na vijiko viwili vya kuvalishia taya mpaka kimoja kikapinda mkononi, jasho linanitoka, taya ikakataa kuruka ukingo wa rimu. 26 yake ilikuwa 590 na ile alinunua ni 559. Hizo milimita 31 huwezi kuzivuta, kwa sababu ndani ya mdomo wa taya kuna waya. Na aliyemuuzia alikataa kuzirudisha kwa sababu zilikuwa zimeshachafuka. Tangu siku hiyo kila mteja wangu mpya namwandikia namba ya milimita kwa kikaratasi aweke kwa pochi.

Sasa hiyo mpya ya shoku mbili. Dada sikuambii ni mbaya juu siijui, lakini shoku ya nyuma ikiwa nzuri ni kitu cha pesa nyingi sana, kwa bei hiyo yenye umetaja utapata springi na bolti na vibushi vya plastiki. Kila ukikanyaga pedali springi inazama kidogo, hiyo nguvu ilikuwa iende kwa gurudumu. Kwa lami ya kutoka Kondele mpaka tauni hutaona faida yake, na ukipanda Kiboswa utaibeba yote na mapaja yako. Vibushi vikianza kuisha nyuma inaanza kucheza kushoto kulia. Shoku ya mbele peke yake sina neno nayo, ile maramu yako itapunguza kidogo mikono kufa ganzi.

Ukienda kuiangalia tena tazama foku, ile miguu miwili inashika gurudumu la mbele. Hizi mpya zinakuja kwa katoni nusu zimefungwa, na kijana wa duka akimalizia haraka anaweza kuweka foku nyuma mbele. Ncha za foku pale ekseli inaingia zinafaa kupinda kwenda mbele, na kama ina diski ile breki inafaa kukaa nyuma ya mguu wa foku upande wa kushoto. Ukiona imegeuka usikubali kuipanda hata kujaribu, usukani wake hautulii.

Kuhusu spidi: 21 ni hesabu tu. Mbele kuna duara tatu za meno, nyuma saba, tatu mara saba. Haisemi inakimbia. Kwa mauntini nyingi mbele kubwa ina meno 42 na ndogo 24, nyuma ndogo ina 14 na kubwa 28. Ukiweka 42 na 14, pedali ikizunguka mara moja gurudumu limezunguka mara tatu, kwa taya ya 26 hiyo ni kama mita sita. Ukiweka 24 na 28 pedali mzunguko mmoja unakusogeza hata mita mbili hazifiki, lakini ni laini, ndiyo ya kupanda nayo. Kwa hivyo gia zinakupa uchague: uende mbali kwa kukanyaga kwa nguvu ama uende karibu kwa kukanyaga kwa raha. Black Mamba ina moja tu na imewekwa ya tambarare.

Mpakani_Busia

Fundi umeongea vizuri lakini usimkatishe huyu dada na Black Mamba ya babake. Mimi nilibeba watu Busia miaka kumi na moja na hiyo hiyo. Wazee wetu walianza miaka ya 1960 kuvusha watu na mizigo kutoka forodha ya huku mpaka ya Uganda, boda mpaka boda, ndio jina likatoka hapo likaenda kwa pikipiki. Kariya ya nyuma nimepakia magunia mawili ya mahindi, fremu haikulia. Hiyo ni chuma tupu, ikipasuka hata mtu wa kuchomelea anaishona, jaribu kumpelekea fremu ya aluminiamu uone kama ataigusa.

Lakini ukweli ni ukweli na siwezi kuuficha, breki za vyuma mvua ikinyesha ni hatari. Zile pedi zinabana rimu kwa upande wa ndani, na rimu yenyewe ni chuma cha kung'aa, ikilowa inateleza kama sabuni. Nilijifunza kubonyeza kidogo kidogo mapema nikaushe maji kwanza halafu ndio nibane. Siku moja nilikuwa na abiria mama mzee, mvua imetupata tukiteremka, nilibana yote miwili na baiskeli ikaendelea kama sijafanya kitu, nikaburuta viatu vyote viwili chini mpaka soli ya kulia ikabanduka. Yule mama alishuka akanishika bega akasema mwanangu pole. Sikumwambia nilikuwa naogopa kumshinda.

Sasa kutoka Kiboswa kuteremka mpaka Mamboleo na malori yako nyuma, mimi singetaka binti yangu awe na breki za vyuma peke yake. Na kama unataka baiskeli ya kazi ngumu ya siku hizi angalia zile Buffalo za shirika la World Bicycle Relief, breki iko ndani ya habu ya nyuma, pale katikati ya gurudumu, unarudisha pedali nyuma inashika, mvua haifiki huko. Kariya wanasema inachukua kilo 100. Ni nzito lakini.

KwaGuu_Mamboleo

Asanteni sana, baba wa Busia hiyo stori ya mvua imeniingia. Fundi nimeandika 559, 622 na 635 kwa simu. Kwa hivyo mnaona haibridi? Sasa mtumba nitajuaje kama imekwisha? Na nimeona pahali pa kuweka upepo ni kama kijimsumari kirefu chembamba, si kama ya gari. Hiyo ni sawa?

Lanet_Kila_Asubuhi

Dada mimi ni mwanamke mwenzako niko Nakuru, naendesha haibridi kutoka Lanet mpaka tauni na kurudi, huu ni mwaka wa nne. Wacha niongeze kile wanaume huwa hawasemi.

Saizi kwanza. Simama juu ya baiskeli miguu chini, chuma cha juu kisikuguse, kuwe na nafasi ya vidole vitatu ama vinne. Kama kinakugusa hiyo fremu si yako hata wakushushie bei mpaka elfu tano. Nyingi za mtumba zilikuwa za watu warefu. Halafu kiti: kaa, weka kisigino kwa pedali ikiwa chini kabisa, mguu unafaa kunyooka wote bila kiuno kuinama upande. Ukianza kuendesha na mbele ya mguu kama kawaida, goti litabaki limekunja kidogo tu na hiyo ndiyo inatakikana. Mimi miezi sita ya kwanza nilikuwa nimeshusha kiti chini sana ndio miguu yote miwili ifike chini nikisimama, nilikuwa naogopa kuanguka, na magoti yaliniuma mpaka nikawa napaka dawa kila usiku nikidhani ni baridi ya Nakuru. Kiti kilipopandishwa maumivu yaliisha kwa wiki mbili. Ila angalia kwa nguzo ya kiti kuna mstari umechorwa, huo ukionekana nje umepandisha kupita kiasi.

Cheni. Chukua tepu ya chuma yenye inchi, si rula ya shule, ile ni sentimita 30 na wewe unataka inchi 12 ambayo inapita hapo kidogo. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, nyoosha cheni, angalia pini iko kwa inchi 12. Ikikaa hapo hapo cheni ni nzima. Ikiwa pini imepita inchi 12 kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikiwa imepita moja ya nane hata meno ya nyuma yameshaliwa, ukiweka cheni mpya itakuwa inaruka ukikanyaga kwa nguvu, na inaruka wakati mbaya zaidi, ukivuka barabara. Hapo toa bei ya cheni na frihwili (hayo meno ya nyuma) kwa ile bei anataka, mwambie wazi na umwonyeshe tepu.

Hicho kijimsumari ni valvu ya Presta. Ni nzuri tu. Kuna nati ndogo juu unafungua kabla ya kuweka upepo, na pampu ya petroli steshoni haiwezi kuishika bila adapta, ile ndogo ya shaba, nunua mbili uweke moja kwa pochi. Ya gari inaitwa Schrader, ndiyo iko kwa mauntini nyingi. Na ukienda petroli steshoni uwe mpole, tyubu ya baiskeli ni ndogo upepo unajaa kwa sekunde, mimi nilipasua moja watu wote wakainama wakidhani ni risasi, nilitetemeka mpaka kazini.

Na sketi si shida kama kuna kifuniko cha cheni. Kama hakuna funga mguu wa kulia na riboni.

Fundi_wa_Spoku

Huyu dada wa Lanet amesema yote ya maana, mimi naongeza tatu za mtumba.

Beba sumaku. Yoyote, hata ile unatoa kwa spika imeharibika. Iguse kwa rimu: ikinata ni chuma, isiponata ni aluminiamu. Kwa breki za kubana rimu unataka aluminiamu juu hata ikilowa inashika kushinda chuma kwa mbali, ile baba wa Busia ameeleza. Halafu pitisha kidole pale pedi zinapobania, ikiwa imechimbika kama bakuli hiyo rimu imekonda, siku moja itapasuka ukiwa barabarani.

Pili inua gurudumu, lishike juu na ulitikise kushoto kulia. Likigonga, goroli za habu zimeisha ama koni zimelegea. Fanya hivyo hivyo kwa mikono ya pedali. Kama ni kulegea tu ni kazi ya spana mbili na grisi, nusu saa. Na hapo hapo angalia pedali ya kushoto, nyuzi zake zimegeuzwa, inakazwa kwa kuzungusha kinyume na bolti zingine zote. Watu hawajui wanalazimisha, nyuzi za krenki, huo mkono wa pedali, zinakatika, na krenki ni bei. Mwezi huu pekee nimepata mbili.

Tatu na hii usiisahau: baiskeli ya Uingereza breki ya mbele iko kwa mkono wa kulia. Zingine zinazokuja hapa zimefungwa kushoto. Kabla hujapanda simama kando yake, bonyeza mkono mmoja na uisukume uone ni gurudumu gani limekataa. Ukibana ya mbele peke yake kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma itakurusha juu ya usukani.

Chini ya fremu pale krenki inapita kuna namba imegongwa. Ipige picha na umwambie muuzaji akuandikie risiti na hiyo namba. Akikataa ama ukipata imekwaruzwa ondoka, usilipe.

Kwa maoni yangu, kama rimu ni aluminiamu na fremu inakutosha chukua haibridi na umwambie mtu akuwekee taya nene kidogo, kama 622 ya upana wa 37 ama 40 kama foku inaruhusu, kwa hayo mawe ya kuingia kwako. Lakini pia uliza bei ya taya za 622 kwa maduka mawili matatu kabla ya kulipa, juu za 559 ziko kila kona na hizo zingine unaweza kutafuta.

Mpakani_Busia

Naunga mkono. Na ya baba usiiuze. Ipeleke kwa fundi atoe grisi ya zamani yote kwa habu na krenki, aangalie kota pini zinazoshika krenki, abadilishe taya. Ikae kwa mama Kiboswa ya kwenda sokoni na posho mill. Kile chuma ulikuwa unapitisha mguu chini yake, mtoto wako pia atapitisha.

KwaGuu_Mamboleo

Narudi kuwaambia. Jana Jumapili nilienda Kibuye na tepu ya jirani na sumaku ya spika, watu wakinitazama. Taya imeandikwa 37-622. Sumaku haikunata. Nafasi ya vidole nilipata vitatu. Cheni imepita inchi 12 kwa moja ya nane kamili, nikamwonyesha jamaa pini yenyewe iko wapi, akanyamaza kidogo akaita mwenzake naye akaangalia. Tumekubaliana 8,500 na ameandika risiti na namba ya fremu. Ile mpya ya 16,500 nilipita hapo njiani nikainama kuangalia foku, diski ilikuwa imekaa mbele ya mguu. Nilimwambia kijana wa duka taratibu tu, akaniambia ndivyo zinakuja. Nimemwomba aulize mkubwa wake kabla mtu hajainunua.

Fundi kesho saa kumi na moja jioni nikitoka kazi nakuletea Kondele uweke cheni na frihwili, nielekeze ni upande gani wa stendi. Breki ya mbele iko kulia, nimejaribu mara tatu. Na mama amesema Jumamosi anatoa ya baba kwa stoo aipanguse vumbi, ameuliza kama taya za 635 zinapatikana.

Fundi_wa_Spoku

Zinapatikana. Mwambie mama asiipake mafuta ya kupikia kwa cheni, watu wa nyumbani hufanya hivyo na inashika vumbi yote. Mimi niko nyuma ya stendi ya matatu za Kakamega, uliza fundi wa spoku. Kuja na ile baiskeli ukiisukuma, usiipande na hiyo cheni kwa barabara kubwa.